Kadi Mia Nne za Tata Kankolongo

Tata Benoît Kankolongo aliingia dukani bila kusalimia, na katika mtaa wa Kapata mtu asiyesalimia ni mtu aliyebeba jambo. Wateja watatu walikuwa wakingoja fotokopi zao. Aliwapita wote, akaweka kadi juu ya meza ya Godefroid Lukusa, akaigeuza upande wa nyuma, kisha akaweka simu yake kando ya kadi.

"Piga hii kode, Tata Godefroid. Piga mwenyewe, na hawa bantu waone."

Godefroid alifuta wino mikononi kwa kitambaa. Kadi hiyo haikuwa ngeni kwake. Wiki tatu zilizopita alikuwa amechapa mia nne za aina hiyo, za misa ya kumaliza kilio cha Stéphane Kankolongo, mdogo wake Benoît, aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya parokia kwa miaka kumi na tisa. Mbele kulikuwa na picha ya marehemu amevaa kanzu ya kwaya. Nyuma kulikuwa na sala fupi, na chini ya sala msimbo wa QR, mraba mweusi wenye vidoadoa, mkubwa kama kiberiti. Ukielekeza kamera ya simu kwenye mraba huo, ukurasa ulifunguka na sauti ya marehemu Kankolongo ikatoka ikiimba wimbo wa lugha ya Tshiluba, dakika mbili na nusu. Watu walikuwa wameipokea kadi hiyo wakalia, kisha wakaenda kuwaonyesha majirani. Zilikuwa zimefika Likasi, Lubumbashi na Tenke.

Godefroid alielekeza simu. Ukurasa ulifunguka. Mwanamke aliyevaa kaptura alikuwa akirusha sarafu za dhahabu hewani, na chini yake maneno ya Kifaransa yakiwaka na kuzimika: cheza leo, uamke tajiri.

"Mudogo yangu hakuchezaka hata karata," alisema Tata Benoît. Alisema polepole, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Leo bantu ya Likasi banapiga telefone, banauliza kama familia inatafuta franga mu jina ya maiti."

Mteja mmoja alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Tata, pole sana. Sijue hata namna gani—"

"Kilio inaisha siku ya posho, Jumamosi ya juma ijayo. Leo ni siku ya tatu, Jumatano. Uone namna."

Alichukua simu yake, kadi akaiacha. Alipofika mlangoni ndipo alipowaaga wateja, mmoja mmoja, kwa adabu zote. Hakumuaga Godefroid.

* * *

Naomie, binti yake, aliporudi kutoka chuo saa sita, alikuta duka limefungwa. Hilo halikuwahi kutokea mchana wa siku ya kazi. Alimkuta baba yake nyumbani mezani, mbele ya ugali wa bukari na majani ya sombe, kadi imelala kando ya sahani. Aliiona kadi, hakushangaa. Aliweka mfuko wake chini, akabaki amesimama.

"We ulijua," alisema Godefroid.

"Tangu siku ya kwanza kode ilikufa, papa. Niliogopa."

Brigitte, mama yake, aliyekuwa ameshika kijiko cha mboga, alikirudisha sufuriani.

Naomie ndiye aliyekuwa ametengeneza ule msimbo. Ilikuwa kazi yake ya kwanza dukani, na Godefroid alikuwa amemwambia kila mteja aliyeingia, hata aliyekuja kuchapa stakabadhi tu: hii ni ya binti yangu, anasoma informatique, mambo ya kompyuta. Walikuwa wamegombana juu yake kwa furaha. Baba alitaka mraba wa dhahabu juu ya rangi ya divai, ili upendeze. Binti alimwonyesha kwamba simu haiusomi, simu inataka nyeusi juu ya nyeupe na nafasi tupu pande zote. Baba alikuwa amekubali, na alikuwa amependa kukubali.

"Kuko kode namna mbili, papa," alisema sasa. "Moja inabeba adresi yenyewe ndani yake. Ile haikufake, hata miaka kumi. Ya pili inabeba tu adresi ya bale benye site. Telefone inaenda kwabo kwanza, bo njo banaituma fasi inaenda."

"Na we ulikamata ya pili."

"Ilikuwa bure. Ilikuwa inahesabu hata bantu wangapi bamesikiliza. Kwa chini kabisa baliandika siku kumi na ine. Kwa Kiingereza, maandiko madogo. Sikusoma."

Godefroid alifikiri. "Basi ni kama barua tunapitisha kwa jirani. Na jirani amefunga mulango."

"Eeh. Na ku mulango ameweka publicité."

"Kumufungulisha ni ngapi?"

"Dola mia na makumi mbili kwa mwaka. Na habatake franga ya telefone, banataka karte ya banki ya Bulaya."

"Na tukilipa," Brigitte aliuliza, "mwaka ijayo Tata Kankolongo anakufa tena?"

Godefroid alitaka kucheka, akaona uso wa binti yake, akaacha. "Tutafanya kode ingine," alisema. "Ya namna ya kwanza. Tutachapa tu mraba ku karatasi ya gundi, tunabandika juu ya ile. Kazi ya siku mbili. Ukae, ukule."

Naomie hakukaa.

"Papa, sauti. Iko kwabo tu. Telefone ya duka ilikuwa imejaa, nikaifuta. Nilisema iko ku site, iko salama. Jana nilibaandikia. Balijibu asubui: bitu bya bantu benye habalipe, kisha siku saba banafuta byote. Siku saba ziliisha."

"Mama Ngeleka iko nayo," alisema Godefroid. Mama Ngeleka alikuwa mjane wa Kankolongo. Yeye ndiye aliyeleta sauti hiyo dukani. "Alituletea mu telefone yake."

Brigitte alitikisa kichwa. Yeye na mjane huyo walikuwa wakisali pamoja kila Alhamisi. "Telefone yake ilianguka mu beseni ya nguo. Juma mbili ziliisha."

Sombe ilipoa. Nje jirani alikuwa akipigilia bati. Godefroid aliitia kadi mfukoni, kisha akaisukuma sahani yake mbele ya Naomie, na kijiko juu yake.

"Ukule kwanza. Kisha tunaenda kwake, shiye wawili. Jambo kama hii habaitumake ku telefone."

* * *

Nyumba za Kapata kampuni ya madini ilizijenga kwa mstari, zote sawa, na mgeni huhesabu milango ili asiingie kwa watu. Godefroid siku hiyo alitamani kupotea. Walimkuta Mama Ngeleka uani amekaa juu ya mkeka, kitambaa cheusi kichwani, akimenya karanga za siku ya kilio. Tata Benoît alikuwa kwenye kiti kivulini.

Godefroid alisema yote. Hakufupisha wala hakupamba. Alipofika mahali pa kusema kwamba sauti yenyewe imefutwa, Naomie alipiga magoti kando ya mkeka.

Mama Ngeleka aliendelea kumenya karanga mbili, tatu. Kisha mikono ikasimama.

"Siku telefone ilianguka mu mayi sikulia," alisema. "Batoto balishangaa. Niliwaambia, papa yenu iko mu kadi." Alitazama maganda mapajani mwake. "Alikuwa natengeneza pneu ya baiskeli. Hakujua kama namukamata sauti. Angejua, angevaa shati kwanza."

"Barudishe franga yote," alisema Tata Benoît. "Na juu yake."

"Nitarudisha," alisema Godefroid. "Hata leo."

"Shemeji, acha." Mama Ngeleka hakuinua sauti. "Franga itaimba?"

Alimwinua Naomie kwa mkono, akampangusa vumbi magotini kama angefanya kwa binti yake mwenyewe. Walipoaga aliwafungia karanga katika gazeti, wampelekee Brigitte, kwa sababu mtu haachi mgeni aende mikono mitupu. Godefroid alizibeba karanga hizo mpaka nyumbani. Angetukanwa njia nzima asingeumia hivyo.

* * *

Kesho yake alichapa vibandiko vyeupe mia nne, vitupu, akavaa koti lake la Jumapili, akaanza kupita mlango kwa mlango. Kama hakuweza kurudisha sauti, angalau angefunika yule mwanamke na sarafu zake. Kila mlango alisalimia, akaomba kadi, akabandika, akauliza: hakuna mtu aliyetunza ule wimbo?

Hakuna. Ukurasa ulikuwa na kitufe cha kusikiliza tu, haukuwa na cha kuhifadhi.

Watu walimpokea kila mtu kwa tabia yake. Wengine walimpa kiti na maji. Kijana mmoja alimwambia, "Tata Godefroid, nilicheza ku kode yako, sikupata kintu," na baraza zima likacheka. Mwalimu mstaafu alimhubiria nusu saa juu ya hatari ya mtandao, Godefroid amesimama, kofia mkononi. Mama mmoja alikataa kutoa kadi: alisema hataki iguswe tena na mkono uleule. Jioni Brigitte alimwandalia maji ya moto ya miguu, akamsugua visigino, kisha akasema: "Una miguu mibaya, lakini inajua njia."

Jumapili aliomba padri nafasi wakati wa matangazo. Alisimama mbele, mahali pale pale Kankolongo alipokuwa akisimama kuongoza kwaya.

"Bandugu," alisema, "kosa ni ya imprimerie yangu. Sikuangalia vizuri. Naomba musamaha kwa familia, na kama kuko mutu—"

"Haina papa mwenye kosa." Naomie alikuwa amesimama katika benchi la tano. Sauti yake ilifika hadi nyuma. "Ni mi. Papa alichapa tu. Ni mi sikusoma."

Godefroid alimtazama binti yake ng'ambo ya vichwa vyote vile, na ingawa ilikuwa siku ya aibu yake kubwa kuliko zote, kifua kilimjaa kitu ambacho hakikuwa aibu.

Nje, baada ya misa, mkono mkavu ulimshika koti. Ulikuwa wa Mama Kabemba, bibi wa miaka themanini na miwili, aliyekaa mstari wa mwisho wa nyumba, karibu na bomba.

"Mi sijue mambo ya kode," alisema. "Lakini Kankolongo hakupotea. Anaimbaka nyuma ya nyumba yangu. Kila asubui, saa kumi na mbili, ku robinet."

Mjukuu aliyemshika bega alitabasamu kwa huruma. "Koko, tulishasema."

"Banasema nimezeeka. Bamenipeleka na kwa munganga. Mi namusikia."

"Anaimba wimbo gani, mama?" aliuliza Godefroid.

Bibi alifumba macho, akauimba kwa pua, mstari mmoja, wa pili. Naomie alimshika baba yake kiwiko kwa nguvu.

* * *

Jumatatu saa kumi na mbili kasoro walikuwa wamesimama kando ya ukuta wa Mama Kabemba, wamejikunyata na baridi. Kijana mmoja alikuja na bidoni mbili za njano za kuchotea maji, akafungua bomba, akaweka kisimu cha vitufe juu ya ukuta. Maji yakaanza kulia ndani ya bidoni, na juu ya maji, dhaifu lakini imenyooka, ikapanda sauti ya Stéphane Kankolongo.

Kijana alipowaona alizima simu haraka, akaificha mfukoni. Jina lake lilikuwa Dimitri. Alikuwa ametoka Mwene-Ditu miaka miwili iliyopita kuja kuchimba mawe ya madini upande wa mgodi uitwao Mashamba, na alikuwa akiimba sauti ya chini katika kwaya. Jumapili hakuwa kanisani; shimoni hakuna Jumapili.

"Sikuiba, tata," alisema kabla hajaulizwa. "Telefone yangu haina internet. Rafiki yangu alipiga kode pale tunasafishaka mawe, mi nikaweka yangu karibu nikakamata. Kama ni mubaya, nafuta sasa hivi."

"Usifute!" Naomie alipiga kelele, na dirisha la Mama Kabemba likafunguka.

"Njo yeye!" bibi alisema. "Niliwaambia! Niliwaambia wote!" Kisha akachungulia vizuri. "Kumbe ni mutoto. Basi mufunge robinet, mayi inamwangika."

Dimitri hakukubali kuachia kadi ya kumbukumbu ya simu yake. Ndani yake kulikuwa na picha za mama yake, na hakuwa na nyingine. Kwa hiyo alikuja nayo mwenyewe dukani, akapoteza siku ya kazi, akakaa kando ya kompyuta akiitazama kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Naomie alinakili sauti hiyo mara nne, mahali panne. Brigitte alimletea bukari, akamwongezea, akamwongezea tena.

Kisha wakasikiliza. Maji yalikuwa yakimwagika, pelle, koleo za wachimbaji, zikigonga mawe, mtu akidai mfuko wake, mwingine akikohoa na kucheka. Katikati ya hayo yote Kankolongo aliimba kama mtu asiye na haraka. Kwenye ubeti wa pili sauti nyingine, nzito, ilijiunga kwa chini.

Dimitri aliinamisha kichwa. "Ni mi. Sikujua kama naimba."

Naomie alifanya kazi siku tatu. Sauti aliiweka kwenye ukurasa wa kwaya ya parokia wenyewe, na msimbo mpya ukabeba anwani hiyo moja kwa moja, bila kupitia mlango wa mtu. Safari hii alisoma kila neno, hadi la mwisho chini kabisa, akamsomea na baba yake. Godefroid alipima kwa rula nafasi nyeupe kuzunguka mraba. Waliujaribu kwa simu saba, ya saba ikiwa ya Brigitte yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui, na iliposoma hata hiyo, ndipo alipowasha mashine.

Lakini Naomie alikuwa ametengeneza kitu kingine pia. Kwa programu aliyoazimwa chuoni alikuwa ameondoa kelele zote. Pelle zilikuwa zimekwenda, maji yamekwenda, na Dimitri pamoja nayo. Kankolongo alibaki, amekonda kidogo, kama anaimba ndani ya kopo.

Ijumaa walimpelekea Mama Ngeleka zote mbili, achague.

Alisikiliza ile safi kwanza, mkono shavuni. "Ni yeye," alisema. "Lakini iko peke yake."

Naomie akaweka ya pili. Pelle zilipogonga Mama Ngeleka alishtuka. Mtu alipokohoa, aliangua kicheko, kisha machozi yakaja bila kicheko kukoma, na akaviacha viende pamoja.

"Hii."

"Dada," alisema Tata Benoît, "mu kanisa, na makelele ya pelle?"

"Miaka makumi mbili na sita alitumika pale banasagaka mawe. Alirudiaka nyumba masikio imefungwa, njo maana aliimbaka nguvu vile. Shemeji, nani alimusikiaka mu kimya?" Alipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Na huyu wa kwa chini, ni nani?"

Godefroid alimwambia.

"Kesho akae mbele. Na familia."

Tata Benoît alitazama karatasi za vibandiko mikononi mwa Godefroid. Alikohoa. Kisha akanyoosha mkono. "Unipe nusu," alisema. "Zile za bantu ya Likasi nitabandika mi mwenyewe, bakifika." Na alipotoka, alimuaga Godefroid.

* * *

Jumamosi kanisa lilijaa hadi ngazini, kila kadi imebandikwa mraba mpya mlangoni. Dimitri alikaa benchi la kwanza, shati lake jipya bado lina mikunjo ya dukani. Baada ya sala, mashemeji walimvua Mama Ngeleka kitambaa cheusi, wakamfunga cheupe, na padri akasema kila mwenye kadi aitoe.

Kadi zikageuzwa. Simu zikainuliwa. Naomie, amebanwa kati ya baba na mama yake, alifumba macho.

Kankolongo aliimba. Aliimba kushoto, kisha kulia, kisha nyuma karibu na mlango. Aliyewahi alikuwa amefika ubeti wa pili, aliyechelewa ndiyo kwanza anavuta pumzi. Pelle ziligonga kila upande, yule mtu akadai mfuko wake mara arobaini. Ilikuwa vurugu. Baadhi ya watu walianza kucheka, wengine wakaona haya kwa niaba ya Godefroid.

Mama Ngeleka alisimama. Alikwenda hadi mahali pa mwalimu wa kwaya, akageuka, akawatazama watu wote kwa macho makali kama ya mumewe, ambayo waimbaji wa zamani waliyatambua mara moja, wakanyoosha migongo.

"Muzime," alisema. "Wote. Angekuwa hapa, mungeanza vile?"

Simu zikanyamaza. Akainua mkono wa kuume juu, kiganja kimefunguka, akangoja hadi mtoto wa mwisho alipotulia. Midomo yake ikahesabu, mbili, tatu.

Mkono ukashuka, na kanisa zima likabonyeza pamoja.